Gari Lisimeze Shamba

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Zinga, hapa mkoani kwetu Pwani, alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji chake na ombi lililotusikitisha. Alitaka agongewe muhuri karatasi za kuuza eka 2 za shamba lake la minazi, upande wa baharini wa barabara iendayo Bagamoyo. Mzee huyo hakuwa na mgonjwa hospitalini, wala hakudaiwa, wala hakuwa na mtoto wa kulipiwa ada. Mwanawe, aliyefanya kazi Muscat kwa miaka 9, alikuwa amerudi nyumbani moja kwa moja, na gari lake lilikuwa limekwama bandarini Dar es Salaam. Fedha za kulitoa hazikutosha, na kila kulipokucha gharama za kulihifadhi ziliongezeka. "Mwenyekiti," alisema mzee yule, "chombo cha mwanangu kimevuka bahari salama, lakini kimekuja kupanda mwamba nchi kavu."

Hatuandiki habari hii kwa nia ya kumcheka mzee wala kijana wake. Kijana ametoka jasho ugenini, ametuma fedha za dawa na za bati, na mwisho amerudi kwao badala ya kupotelea huko. Mtu wa namna hiyo anastahili pongezi. Tunaandika kwa sababu yaliyomfika yanaweza kuwafika wengine wengi. Vijana wetu wako Oman, Falme za Kiarabu, Uingereza, Marekani, Afrika Kusini na kwingineko. Wengine watarudi mwaka huu, wengine mwaka kesho. Kila mmoja wao mwenye gari atakabiliwa na swali moja: nije nalo, au niliuze huku huku nije ninunue jingine nyumbani? Swali hilo laonekana dogo, lakini jibu lake laweza kuamua kama akiba ya miaka mingi itageuka kuwa nyumba na mradi, au itaishia kwenye lango la bandari.

Sisi watu wa pwani hii si wageni wa swali la mzigo. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora, na hapa ndipo mapagazi walipotua mizigo yao. Pagazi alibeba kiasi cha frasila 2, yaani kama kilo 32, na kiongozi wa msafara alijua kwamba kila kitu kinachofungwa mzigoni lazima kiwe na thamani kubwa kuliko gharama ya kukibeba. Kitu kilichopatikana mbele ya safari hakikubebwa tangu mwanzo. Kanuni hiyo ya wazee wetu haijachakaa. Anayehama nchi leo, hata kama mzigo wake unachukuliwa na meli, hana budi kujiuliza lile lile walilojiuliza wao: je, ninachokibeba hakipatikani niendako?

Tukiwa wakweli, imani kwamba anayetoka nchi za nje lazima aje na gari haikuzuka bure. Ina asili yake, na asili hiyo ni miaka ya upungufu. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, na zaidi baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, nchi yetu ilikosa fedha za kigeni. Magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa petroli. Kuagiza gari kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji fedha za kigeni ambazo Benki Kuu haikuwa nazo za kutosha hata kwa dawa na vipuri vya viwanda. Katika hali hiyo, baharia au mwanafunzi aliyerudi na gari alikuwa ameleta kitu ambacho kijiji kizima kisingeweza kukipata hata kikichanga.

Mwaka 1984 Serikali ililegeza kamba. Katika bajeti ya Juni mwaka huo, watu wenye fedha za kigeni zao wenyewe waliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa fedha hizo wamezipata wapi. Pikapu na mabasi madogo yakaanza kuingia. Miaka iliyofuata biashara ikafunguliwa zaidi, na magari yaliyotumika kutoka Japani yakaja kwa wingi. Leo mtu akitoka Zinga kwenda Dar es Salaam atapita yadi za magari kabla hajafika mjini. Upungufu uliokuwepo umekwisha, lakini fikra uliyoizaa bado tunayo. Tunaendelea kulipokea gari la melini kwa vigelegele vya mwaka 1984, na mara nyingi gari la aina hiyo hiyo, lenye usukani ufaao na vipuri tele, limesimama yadi likisubiri mnunuzi.

Hilo ndilo la kwanza tunalotaka lieleweke. La pili ni sheria, kwa sababu hapo ndipo kijana wa Zinga alipoanguka.

Kijana huyo aliambiwa na wenzake huko Muscat kwamba mkazi anayerejea nyumbani halipi ushuru wa gari. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya habari. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Januari 2005, inatoa msamaha kwa mtu anayehamisha makazi yake kwa dhati kutoka nje ya nchi wanachama na kuja kukaa ndani. Mtu huyo anaruhusiwa kuingiza bila ushuru wa forodha vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia alikotoka, pamoja na gari moja. Gari hilo limewekewa masharti. Liwe mali yake mwenyewe, na awe amelimiliki na kulitumia huko nje kwa muda usiopungua miezi 12. Siku ambazo gari liko melini hazihesabiwi. Mwenyewe awe ametimiza umri wa miaka 18. Gari lisiwe basi la abiria zaidi ya 13, wala la mizigo lenye uwezo wa kubeba zaidi ya tani 2. Tena mizigo hiyo iingizwe katika siku 90 tangu mwenyewe awasili, isipokuwa Kamishna amempa muda zaidi.

Kijana wetu alilinunua gari lake miezi 7 kabla ya kurudi. Alilinunua makusudi, akiwa amekwisha kuamua kuhama, kwa sababu alidhani msamaha ni zawadi ya kumkaribisha msafiri. Sivyo. Maana ya msamaha ule ni kwamba mtu asitozwe ushuru kwa vitu vya maisha yake ya kila siku kwa sababu tu amehamisha makazi. Gari lililonunuliwa ili lije halina tofauti kubwa, mbele ya sheria, na gari linaloagizwa na mtu ambaye hajatoka nje hata siku moja. Miezi 5 aliyopungukiwa ndiyo iliyomfikisha baba yake kwa mwenyekiti akiwa na karatasi mkononi.

Lipo na jingine ambalo wengi hawalijui. Msamaha humfuata mtu, haulifuati gari. Aliyesamehewa akiliuza gari hilo kwa mtu asiye na haki ya msamaha, ushuru uliosamehewa hudaiwa. Kwa hiyo yule anayekusudia kuja na gari "bila ushuru" ili aliuze na kupata mtaji anajidanganya. Tena msamaha wa forodha haufuti nauli ya meli, ada za bandari, malipo ya wakala wala ada ya usajili. Na mtu asitosheke na neno la mdomo juu ya kodi zipi zinaingia ndani ya msamaha na zipi hazimo. Aiandikie Mamlaka ya Mapato kabla ya gari kupakiwa, naye ajibiwe kwa maandishi.

Sasa tuje kwenye hesabu. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa gari neno hilo limetimia. Tutachukua viwango vilivyotumika Tanzania Bara katika mwaka wa fedha 2023/24. Anayesoma akumbuke kuwa Bunge linaweza kuvibadili katika bajeti ya kila mwaka, na kwamba ziko tozo nyingine ndogo ndogo ambazo hatukuziweka hapa. Gari dogo la abiria lilitozwa ushuru wa forodha asilimia 25 ya thamani yake pamoja na bima na nauli ya kulifikisha bandarini. Halafu likatozwa ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,000 haikulipa kitu, ya kuanzia hapo hadi 2,000 ililipa asilimia 5, na inayozidi 2,000 ililipa asilimia 10. Halafu ikaja kodi ya umri: gari lenye umri wa miaka 8 hadi 10 liliongezewa asilimia 15, na lililopita miaka 10 liliongezewa asilimia 30. Juu ya jumla ya yote hayo ikawekwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18.

Tuseme gari lina injini ya 1,800, lina umri wa miaka 11, na thamani yake hadi bandarini ni shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha ni shilingi 2,500,000, jumla ikawa 12,500,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ni 625,000, na kwa umri ni 3,750,000, jumla ikafika 16,875,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani ni 3,037,500. Mwisho wa hesabu gari la shilingi 10,000,000 limekuwa la shilingi 19,912,500, nalo bado halijatoka langoni. Gari jingine la thamani ile ile na injini ile ile, lakini lenye umri wa miaka 7, lingefikia shilingi 15,487,500. Miaka 4 ya umri imegharimu shilingi 4,425,000. Kwa fedha hizo familia ya Zinga yaweza kufanya mambo mengi kabla haijafikiria kuuza mnazi mmoja.

Tena thamani hiyo si lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye risiti. Mamlaka ya Mapato ina utaratibu wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, na kikokotoo chake kiko wazi kwa kila mwenye simu ya intaneti. Mtu aliyeuziwa gari kwa bei ya urafiki huko alikokuwa asitegemee kwamba urafiki huo utatambuliwa bandarini. Kwa sababu hiyo tunasema: asiyekuwa amekitazama kikokotoo kile asilipie nauli ya meli.

Jambo la tatu ni gari lenyewe. Nchi yetu huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani wa magari yetu uko kulia. Ndivyo ilivyo pia Uingereza, Japani na Afrika Kusini. Oman, Falme za Kiarabu, Marekani, Kanada na Ujerumani huendesha upande wa kulia, na usukani wa magari yao uko kushoto. Kijana aliyezoea gari lake Muscat hataiona tofauti hiyo mpaka siku atakapokuwa nyuma ya lori kwenye barabara ya Bagamoyo, akitaka kulipita. Dereva aliyekaa kushoto hamwoni anayekuja mpaka awe amekwisha kulitokeza gari lake nusu barabarani. Hapo tena si suala la hasara ya fedha. Ni roho yake, na roho za abiria wa basi linalokuja mbele. Jirani zetu wa Kenya, kwa kanuni ya kawaida, hawasajili gari la usukani wa kushoto, wala gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Uganda nao waliamua mwaka 2018 kuzuia magari yaliyopita miaka 15. Kwetu mlango haukufungwa namna hiyo. Sheria imetuachia tuamue wenyewe, nasi tusiutumie uhuru huo vibaya.

Baada ya usukani vinakuja vipuri. Anayetaka kujua gari gani lafaa kuishi Tanzania asiulize tangazo. Aende Gerezani na Kariakoo akatazame rafu za maduka ya spea. Atakuta vipuri vya Toyota vya kila namna, vipya na vya mtumba, na fundi wa chini ya mwembe hapa Zinga anavijua kwa kugusa. Gari la fahari lililotengenezwa Ulaya laweza kuwa bora kweli kweli huko kwao, ambako gereji yenye kompyuta iko kila mtaa. Likifika kwetu, kifaa kimoja kidogo kikifa, gari zima linasimama mwezi mmoja likisubiri kifurushi. Gari lililosimama uani huku kuku wanataga chini yake halina fahari.

Na hali ya nchi nayo ina neno lake. Magari ya Uingereza yamepita katika chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula bati kutokea chini. Gari kama hilo likiletwa Zinga, ambako upepo wa bahari una chumvi yake mwaka mzima, kutu haina haja ya kuanza upya. Inaendelea pale ilipoishia. Mwenye gari la Ulaya alipandishe kwanza kwa fundi achungulie uvungu kabla ya kuamua kulisafirisha.

Hatusemi kwamba kuja na gari ni makosa daima. Ziko hali ambazo kulileta ni busara. Mtu aliyekaa Uingereza au Afrika Kusini miaka kadhaa, ambaye gari lake amelimiliki na kulitumia zaidi ya mwaka mmoja, lina usukani wa kulia, ni la aina inayojulikana kwa mafundi wetu, halijala umri, na hati zake zote ziko kwa jina lake mwenyewe, mtu huyo ana haki yake kisheria na aidai. Gari lake analijua: anajua liligonga lini, lilibadilishwa mafuta lini. Akiwa pia anahamisha vyombo vya nyumba, kontena moja kubwa laweza kuchukua gari na vyombo pamoja, na nauli ikagawanyika. Lakini na yeye atangulize hesabu: bei atakayoipata akiliuza huko, dhidi ya nauli, bima ya baharini, bandari, wakala na usajili, na bei ya gari la namna hiyo hapa nyumbani. Tofauti ikiwa kubwa kwa upande wa kulileta, alilete. Ikiwa ndogo, alipumzishe huko na aje na fedha.

Kwa asiyetimiza masharti hayo, ushauri wetu ni kuuza na kununua nyumbani. Na hapa pia kuna mashimo. Anayenunua yadi anaona gari kwa macho, analiwasha, analiendesha, na kodi zimekwisha kulipwa; lakini bei ni ya juu, maana mwenye yadi naye anakula hapo. Anayeagiza mwenyewe kutoka Japani huokoa faida ya mwenye yadi, lakini ananunua picha, anasubiri meli, na anabeba hatari ya kutapeliwa na watu wanaojiita mawakala. Anayenunua kwa mtu binafsi aione kadi ya gari, aipeleke kuhakikishwa, amchukue fundi wake mwenyewe, na uhamisho wa umiliki ufanyike kabla fedha hazijakwisha mkononi. Katika njia zote tatu liko jambo moja la kushikilia: mtu asinunue gari wiki ya kwanza ya kurudi. Akae miezi 3. Apande daladala, ajue shughuli yake itakuwa wapi na ya namna gani. Pengine atagundua kuwa anachohitaji ni pikapu ya kubebea samaki kutoka Mlingotini, si gari la kwenda nalo harusini. Haraka haraka haina baraka.

Tusiwasahau wanaoondoka. Kijana anayekwenda kufanya kazi nje kwa miaka mingi asifikirie kulichukua gari lake la hapa kulipeleka nchi zenye usukani wa kushoto. Atalipia nauli ya kitu kisichofaa. Wala asimwachie binamu kwa maneno ya "utakuwa unaliwasha wasiha". Gari lililoachwa kwa heshima hurejeshwa kwa lawama. Na maadam kadi ina jina lake, faini za barabarani zitaandikwa kwa gari lake na kumsubiri. Aliuze kabla ya kuondoka, ahamishe umiliki, fedha aziweke benki au aongeze chumba nyumbani kwa mama.

Sasa tuna maneno kwa wazazi na jamaa. Si haki kumbebesha kijana lawama yote. Ni nani aliyemwambia kwamba akirudi mikono mitupu ataaibika? Ni sisi. Ni nani tunaopima kufaulu kwa mtu aliyetoka nje kwa ukubwa wa magurudumu aliyokuja nayo? Ni sisi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba maendeleo ya nchi yanahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, nayo magari hayamo katika orodha hiyo. Na walimu wetu wa chuoni, kabla hatujakanyaga darasa la Serikali, walitufundisha kwamba israfu ni dhambi hata kwa mwenye mali. Mtoto akirudi salama, na afya yake, na akiba yake, na ujuzi wa mikono yake, huko ndiko kufaulu. Tumpokee kwa hilo.

Juu ya yote, ardhi isiwe dhamana ya gari. Tangu mkataba wa awali wa bandari ya Bagamoyo ulipotiwa saini mwaka 2013 na jiwe la msingi kuwekwa Oktoba 2015, ardhi ya Zinga, Pande na Mlingotini imekuwa ikitazamwa kwa jicho la biashara. Mazungumzo ya mradi ule yalisimama mwaka 2019, yakafufuliwa mwaka 2021, lakini katika muda wote huo Dar es Salaam imezidi kutanuka kuja kwetu. Eka inayouzwa leo kwa haraka, kwa bei ya mwenye shida, mwenye kuiuza hataweza kuinunua tena. Gari hupungua thamani tangu siku linapotoka langoni, na minazi huendelea kuzaa. Kubadilisha kinachozaa kwa kinachooza ni hesabu mbaya, hata kama imegongwa muhuri.

Walakini wananchi hawawezi kuamua vizuri juu ya jambo wasilolijua, na hapa Serikali ina wajibu wake. Sheria tuliyoitaja hapo juu, ambayo inawahusu moja kwa moja mabaharia, mayaya, madereva na wauguzi walioko nje, imeandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge letu lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tunashauri moyo huo huo ufike na kwenye forodha. Mamlaka ya Mapato itoe kijitabu kifupi cha Kiswahili cha rahisi juu ya haki na masharti ya mkazi anayerejea, chenye orodha ya hati zinazotakiwa na mfano wa hesabu. Kijitabu hicho kiwekwe katika balozi zetu, kuanzia Muscat, Abu Dhabi na London, na kila Mtanzania anayekwenda kufanya upya pasi yake apewe nakala. Nakala nyingine zifike katika ofisi za kata na vijiji, kwa sababu uamuzi wa kuleta gari aghalabu hufanywa na watu wawili kwenye simu, mmoja Muscat na mwingine Zinga, na wote wawili wanahitaji kujua.

Viongozi wa vijiji nao waige mfano wa mwenyekiti tuliyemtaja mwanzo. Mwenyekiti huyo hakugonga muhuri siku ile. Alimwambia mzee: "Baba, nipe wiki moja." Akamwita kijana, akawaita kaka zake na dada zake, wakakaa barazani na karatasi zote za bandari zikasomwa mbele ya watu. Ikaonekana kwamba ndugu wakichanga, kila mmoja kwa kiasi chake na kwa maandishi, gari lingeweza kulipiwa kodi yake kamili na kutolewa bila kugusa shamba. Na kwa kuwa lililipiwa kodi, halifungwi na masharti ya msamaha. Kijana amekubali liuzwe, ndugu warudishiwe fedha zao, na kitakachobaki kiwe mtaji. Hasara ipo, nayo si ndogo. Lakini hadi tunapoandika maneno haya eka 2 zile bado ni za mzee, na mwangusi amekwisha kupanda minazi yake mara moja tangu siku ile.

Wazee wa pwani hii walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Vijana wetu watarudi, na tunataka warudi. Tunachowaomba ni kwamba kabla hawajaipa meli mzigo, wakae chini na kalamu, waulize sheria, wautazame usukani, wahesabu umri wa gari, na wawaulize mafundi wa nyumbani. Hesabu ikikubali, waje nalo, nasi tutalipokea. Hesabu ikikataa, waliuze huko, wapande ndege na begi lao. Shamba la baba litakuwapo wakifika.